Mtoto wa mbwa kaja, na nyumbani kuna mbwa wakubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na majirani, ndugu, na watu wanaonipigia simu saa tatu usiku wakiwa na kijibwa kwenye boksi. Mimi si daktari wa mifugo. Nafuga mbwa wa ulinzi hapa Morogoro, ninao watatu: Simba, dume mzee, Pendo, jike mwenye maneno mengi, na Kashata, aliyekuja mwisho. Kosa langu kubwa kuliko yote liko kwenye swali la mbwa wanaofunguliwa usiku. Ukiwa na muda wa kusoma swali moja tu, soma hilo.

Mbwa wangu ni mpole, hajawahi kumuuma mtu. Kuna haja ya taratibu zote hizi?

Ipo. Upole kwa watu ni habari moja, kumpokea mbwa mgeni ndani ya geti lake ni habari nyingine. Wengi wetu hatufugi mbwa wa sebuleni. Tunafuga mlinzi, tunampa ugali na dagaa ili kazi yake iwe kumkataa kila anayeingia bila kukaribishwa. Halafu Jumamosi moja tunaingia na boksi, tunalifungua katikati ya uwanja, tunataka achekelee.

Angalia na uzito. Mtoto wa wiki nane wa mbwa wetu wa kawaida ana kilo tatu hivi. Mwenyeji ana 25 au zaidi. Si lazima awe na nia mbaya. Akimkanyaga tu, mguu unavunjika.

Nimchukue akiwa na umri gani?

Wiki nane. Wauzaji wengi humtoa akiwa na wiki tano kwa sababu akiwa mdogo anapendeza na anauzika haraka. Lakini wiki zile za mwisho na mama yake ndizo anazofundishwa adabu: akiuma sana, ndugu yake analia na mchezo unakatika, akimsumbua mama, anafokewa. Aliyekosa masomo hayo anaingia kwako bila kujua kusoma uso wa mbwa mkubwa. Ataambiwa "niache" mara tatu na hataelewa, na ya nne itakuwa meno.

Nisubiri chanjo zote ziishe ndipo nimkutanishe na wakubwa?

Hapana. Mtoto wa mbwa huzoea wenzake kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya tatu na kama ya 14 hivi. Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga magonjwa ya pavo na distempa, huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa kuanzia wiki ya 12. Ukingoja zote, umri wa kuzoea umeshampita.

Cha lazima ni kadi za wenyeji. Kama Simba wako hajachomwa tangu mwaka juzi, anza na yeye. Na mgeni asiwekwe chini sehemu wanazopita mbwa wa mtaani, mbebe.

Kama hujui alikotoka, umemnunua barabarani au umeokota mtaroni, mtenge kwanza wiki mbili kwenye chumba au stoo, na vyombo vyake mwenyewe. Pavo hujitokeza mara nyingi ndani ya siku tatu hadi saba tangu kuambukizwa: anakataa chakula, anatapika, anahara damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Hapo ni daktari siku hiyohiyo, si kesho. Sabuni ya kawaida haiui kirusi chake. Osha uchafu wote kwanza, kisha pitisha jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iache dakika kumi. Sakafu inasafishika hivyo. Udongo hausafishiki, na penye kivuli kirusi kinaweza kukaa mwaka na zaidi. Kama mbwa alikufa kwa pavo uwanjani kwako hivi karibuni, huyo mpya asiukanyage mpaka amalize chanjo.

Minyoo na kupe vimalizwe kabla hawajaanza kulala pamoja. Tafadhali usimwogeshe mtoto kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Najua ni bei rahisi na ipo kila duka la pembejeo. Inaua watoto wa mbwa.

Siku ya kwanza nifanye nini hasa?

Usiku wa kuamkia siku hiyo, chukua kitambaa alicholalia mgeni ukiweke karibu na anapolala mwenyeji, na cha mwenyeji umpelekee mgeni. Mbwa anafahamiana kwa pua kabla ya macho. Simba alikinusa kile kitambaa, akakikojolea, akaenda zake. Nilikuwa nimeshaona majibu mabaya zaidi ya hayo.

Mkutano wenyewe usiwe ndani ya geti. Tafuta mahali ambapo mwenyeji hana cha kulinda: uwanja wa jirani asiye na mbwa, au anayejua chanjo za mbwa wake. Mnahitaji watu wawili. Mmoja anamshika mkubwa kwa kamba, mwingine amembeba mdogo. Anza mkiwa mbali, hatua 15 au 20, mtembee mkielekea upande mmoja kama watu wanaokwenda sokoni pamoja, si kama wanaokuja kugongana. Kila mkubwa anapotulia, punguza umbali kidogo.

Kamba iwe legevu. Hili watu hulikosea kuliko yote. Ukiikaza, mbwa anahisi shingoni kwamba wewe una wasiwasi, na kwake bosi akiwa na wasiwasi maana yake kuna adui. Nimeona mbwa mtulivu kabisa akipandisha manyoya ya mgongoni kwa sababu tu mwenye nyumba alijizungushia kamba mara mbili mkononi.

Wakifika karibu, mshushe mdogo. Mpe mkubwa sekunde tatu za kunusa, na aanzie nyuma, si usoni. Moja, mbili, tatu, mwite jina lake kwa sauti ya furaha, mpe kipande cha nyama, rudini nyuma. Kisha tena. Dakika kumi na tano zinatosha, hata kama mambo yanakwenda vizuri. Hasa yakienda vizuri.

Ukiwa na wakubwa wawili au zaidi, mmoja mmoja. Anza na mtulivu kuliko wote. Wawili wakimzunguka mdogo kwa pamoja, mmoja akisisimka mwenzake anafuata, na kundi lina ujasiri ambao mbwa mmoja hana.

Kabla hamjaingia ndani, ondoa uwanjani mifupa, bakuli, viatu vya kuchezea, kila kitu chenye mwenyewe. Ingieni wote pamoja mkitokea matembezini.

Mkubwa anamngurumia. Nimpige?

Usimpige, usimfokee, usimvute. Kunguruma ni neno. Anasema: umenikaribia mno, sogea. Mtoto mwenye akili atasogea, na mambo yameisha bila hata unywele kung'oka. Ukimchapa kwa kunguruma, humfundishi kumpenda mgeni, unamfundisha kunyamaza. Safari ijayo ataruka hatua hiyo, aume moja kwa moja, na wewe utasema "kaniuma bila onyo". Onyo lilikuwepo, tulilifuta kwa fimbo.

Pendo alimngurumia Kashata wiki nzima. Kila Kashata alipokimbilia mkia wake, ile midomo inapanda kidogo, sauti kama pikipiki iliyoko mbali. Siku ya nne alimbana chini kwa mdomo wazi, kelele kubwa, kijibwa kikalia kama kinachinjwa. Nikamwangalia: hakuna tundu, hakuna damu, mate tu shingoni. Kashata akakaa kando dakika mbili akijilamba, kisha akarudi, safari hii akitembea kwa tumbo, mkia chini, akiomba ruhusa. Somo limeingia, na hakuna binadamu angeweza kulifundisha.

Kazi yako ni kumsaidia mkubwa asilazimike kulisema neno hilo mara 40 kwa siku. Mdogo akishachoka anakuwa msumbufu kama mtoto wa shule aliyekosa usingizi. Mwondoe, mpeleke akalale. Watoto wa mbwa hulala hadi saa 18 kwa siku, au wangelala tukiwaacha. Na mkubwa awe na mahali ambapo mdogo hafiki: juu ya ngazi, nyuma ya wavu wa kuku, popote.

Jirani anasema niwaache wapigane, wajue nani mkubwa. Ni kweli?

Jirani yako ana nia njema, lakini hapana. Wazo hilo lina historia yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama, na huko ndiko lilikotoka sana lile wazo la mbwa kupigania ukubwa. Mmarekani David Mech alilieneza mwaka 1970, kisha mwaka 1999 akaandika mwenyewe kwamba porini kundi la wanyama hao kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Hakuna anayempiga mwenzake kugombea kiti.

Tena hesabu ya kilo tatu kwa 25 haina "wajuane". Ina daktari au jembe la kuchimbia.

Nitajuaje kama wanacheza au wanagombana?

Mchezo una ulegevu. Miili inapinda kama nyoka, mdomo uko wazi, mmoja anainamisha kifua chini na kubinua makalio, wanapokezana kukimbizwa, wanasimama kidogo kupumua kisha wanaendelea. Kelele zinaweza kuwa nyingi na bado ni mchezo. Ukiwa na shaka, mshike anayemfukuza mwenzake. Huyo mwingine akirudi mwenyewe kumchokoza, walikuwa wanacheza. Akienda kujificha chini ya gari, hawakuwa wanacheza.

Kinachotisha ni ukimya. Mdomo umefungwa ghafla, mwili umekauka, macho yameganda kwa mdogo, kichwa kimewekwa juu ya mgongo wake. Au weupe wa jicho unaonekana pembeni huku kichwa hakigeuki. Mkia usikudanganye: ukiwa juu, mgumu, unatikisika haraka kama ncha ya fimbo, hiyo si furaha. Na mkubwa akimnyemelea mdogo kwa kuinama bila sauti, kama anavyomnyemelea panya, waachanishe mara moja. Hapo hatumzungumzii tena mbwa mwenzake, tunazungumzia windo.

Wangu hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Nifanyeje?

Hapa ndipo nilipoharibu.

Kabla ya Kashata nilimleta kijibwa mwingine, wa kahawia, hakuwa hata na jina. Mchana kutwa alikuwa anatambaa uwanjani, wakubwa wako kwenye minyororo, wanabweka, wananyamaza. Nikajiambia wamemzoea. Jioni nikamweka kwenye boksi barazani, nikamfunika kwa kanga kuukuu. Saa nne mlinzi akawafungua mbwa kama kila siku. Hakuna aliyemwambia kitu. Sikusikia chochote. Alfajiri nilimkuta karibu na tangi la maji, na kanga iko mita kumi nyuma yake.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Mbwa aliye kwenye mnyororo akimwona mdogo anazungukazunguka asipopafikia, hamzoei. Anajaa. Kutwa nzima anavuta, anakabwa, anakasirika, na kila anapokabwa yule mdogo yuko machoni pake. Usiku unapofika yuko huru, giza limeingia, kazi ya ulinzi imeanza, na hakuna mtu. Kuna wakati gani mbaya zaidi wa kukutana?

Kwa hiyo: mikutano yote iwe mchana, wewe ukiwepo, mkubwa akiwa kwenye kamba mkononi mwa mtu, si kwenye mnyororo uliofungwa mtini. Usiku mdogo alale nyuma ya mlango wa mbao au chuma: jikoni, stoo, gereji. Boksi si mlango. Wavu peke yake si mlango. Na kila mwenye ruhusa ya kuwafungua mbwa aambiwe kwa mdomo, mlinzi wa zamu, dada wa kazi, shemeji aliyekuja wikiendi. Mimi siku hizi nimebandika karatasi kwenye ndoano ya funguo: "Kashata ndani kwanza." Bado ipo ingawa Kashata sasa anawazidi wote kwa kilo.

Mdogo alale nje na wakubwa akifika miezi sita hivi, na baada ya wiki kadhaa za mchana bila tatizo.

Wale pamoja?

Hapana. Bakuli mbalimbali, pande mbalimbali za nyumba, na mlango katikati ikiwezekana. Mabakuli yaondolewe wakimaliza, hata yakiwa matupu. Mifupa usitoe kabisa wakiwa pamoja katika miezi ya mwanzo. Mbwa ambaye hajawahi kugombea ugali anaweza kuua kwa ajili ya kongoro.

Nina watoto wadogo nyumbani. Tahadhari gani?

Mtoto wa binadamu asimbebe kijibwa mbele ya mbwa mkubwa. Mkubwa atataka kunusa, ataruka, na kilicho usawa wa meno yake ni uso wa mwanao. Mfundishe kukaa chini na kumsubiri kijibwa aje. Na wakianza kugombana, mtoto anakimbilia kwa mtu mzima, haingilii, hata akilia kwa huruma.

Dume au jike?

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua jinsia tofauti na mwenyeji wako, kisha wahasiwe. Ugomvi mgumu zaidi ndani ya nyumba moja mara nyingi ni wa jike kwa jike. Kama jike wako ana watoto anaowanyonyesha, usilete mgeni sasa. Ngoja.

Nimepewa wawili wa tumbo moja. Niwachukue wote?

Chukua mmoja.

Wamepigana kweli. Ninawatenganishaje?

Mikono isikaribie shingo wala vichwa. Mbwa aliye vitani hajui mkono wa nani ni wa nani. Anza na ndoo ya maji au mpira wa maji usoni, au gonga sufuria karibu na masikio yao. Blanketi juu ya vichwa husaidia. Ikishindikana na mko watu wazima wawili, kila mmoja amshike mbwa mmoja miguu ya nyuma, juu ya goti, amnyanyue na kurudi nyuma kama anayesukuma toroli, asimwachie mpaka awe nyuma ya mlango.

Kisha mpapase mdogo mwili mzima kwa vidole. Tundu la jino huwa dogo juu na kubwa chini ya ngozi, manyoya yanaficha. Tundu lolote la kifuani au tumboni ni la daktari leo.

Ukiumwa wewe, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, tazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukiulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata kama ni mbwa wako, hata kama ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara ni kifo.

Inachukua muda gani?

Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbwa hawajausikia msemo huo. Wenyeji wengine wanakubali siku ya tatu, wengi wanahitaji wiki mbili hadi mwezi, wazee kama Simba wanaweza kuchukua miezi miwili bila kupenda kamwe, wakivumilia tu. Kuvumilia kunatosha. Si lazima walale wamekumbatiana.

Walikuwa marafiki, sasa mdogo ana miezi saba na ugomvi umeanza. Kwa nini?

Kwa sababu si mtoto tena. Mbwa wakubwa humsamehe mdogo mambo mengi mpaka miezi minne hadi sita. Baada ya hapo harufu yake inabadilika, naye anaanza kujaribu. Rudi nyuma: tenganisha chakula, watembeze pamoja kwa kamba, mpeleke akahasiwe ikiwa daktari anasema umri umefika. Kama ni mwenyeji aliyebadilika ghafla na yuko kwenye umri mkubwa, mpeleke yeye akachunguzwe. Maungo yanayouma hufanya mbwa mpole akatae kuguswa. Simba aliacha kumvumilia Kashata kwa wiki tatu, na tatizo lilikuwa jino bovu.

Nitajuaje kwamba haiwezekani?

Mkubwa amemjeruhi mdogo mara mbili na wewe ukifuata utaratibu. Au anamnyemelea kila anapomwona. Au mmoja wao ameacha kula, anashinda amejificha. Hapo una njia mbili za heshima. Ya kwanza ni zamu za kudumu: mmoja nje mchana, mwingine usiku, na milango miwili kati yao. Inawezekana, lakini inachosha, na siku moja mtu atasahau komeo. Ya pili ni kumtafutia mdogo nyumba nyingine, na afadhali iwe mapema, kabla ya miezi minne, wakati bado anapendeza na watu wanamtaka. Anza na yule aliyekupa. Usimwachie sokoni wala stendi. Mpe anayemchukua kadi ya chanjo, kitambaa alicholalia, na umweleze ukweli wote wa kilichotokea, hata ule unaoaibisha.